Muulize Mama Mitambo: Chaneli ambayo hapo mwanzo hakuna aliyeitaka

Mwezi uliopita msomaji mmoja aliniuliza nilijifunzia wapi ufundi mitambo, nikamjibu kwa kupita tu kwamba nilianzia zamu ya usiku katika kituo cha televisheni cha chuo kimoja huko California. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko jambo lolote nililowahi kuandika humu. Nimechagua sita. Waliouliza jambo lilelile kwa maneno mengine watajiona ndani yake.

Shikamoo Mama Mitambo. Nasoma uandishi wa habari, mwaka wa pili. Tuna studio ya mazoezi lakini vipindi vyetu haviendi kokote. Uliposema chuo kina kituo cha televisheni, ulimaanisha studio kama yetu, au kituo ambacho mtu anakipata akiwa nyumbani kwake? Na kama ni hicho cha pili, vituo hivyo viliishia wapi? (Mwanafunzi)

Marahaba, mwanangu. Namaanisha kituo ambacho mtu anakipata nyumbani kwa antena yake, bure, kama anavyopata vituo vingine.

Huko Marekani leseni ya kurusha matangazo hutolewa na Tume ya Mawasiliano, FCC, kwa jina la mmiliki. Mmiliki anaweza kuwa kampuni, jumuiya, serikali ya jimbo au chuo kikuu. Anaweza pia kuwa wilaya inayoendesha vyuo vya miaka miwili, vile vinavyompokea kila anayebisha hodi: kijana aliyetoka sekondari jana, mama aliyeacha shule miaka ishirini iliyopita, dereva wa lori anayetaka kubadili kazi. Bodi inayopitisha mishahara ya walimu na ununuzi wa viti vya madarasani ndiyo hiyohiyo inayomiliki mnara na transmita, yaani mtambo wa kurushia matangazo. Lishike hilo, maana historia yote ya vituo hivi imelala hapo. Mwaka ambao bajeti inabana, mnara na darasa huwa kwenye karatasi moja, na watu walewale ndio wanaoamua kipi kikatwe.

Nikusimulie kimoja tangu mwanzo. Sicho nilichofanyia kazi, lakini nimekifuatilia kwa miaka mingi kama mtu anavyofuatilia habari za jirani.

Kusini ya San Francisco kuna mji unaoitwa San Mateo, na mjini humo kuna chuo, College of San Mateo. Mwaka 1964 chuo hicho kiliwasha televisheni yake, KCSM, kwenye chaneli 14. Eneo lile lilikuwa tayari na kituo kikubwa cha elimu, KQED, kilichoanza mwaka 1954 kwenye chaneli 9, kwa hiyo KCSM hakikuwa mfalme hata siku moja. Kilikuwa mahali ambapo wanafunzi walishika kamera wenyewe, na ambapo masomo ya chuo yaliruka hewani hadi sebuleni kwa watu. Jon Miller, mtangazaji wa besiboli ambaye mashabiki wa San Francisco Giants wanaijua sauti yake hata wakiwa wamefumba macho, alisomea utangazaji katika chuo hicho.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kituo kilibadilishana chaneli na kituo cha lugha ya Kihispania, KDTV. Kile kikachukua 14, cha chuo kikaenda 60. Kikaendelea hivyo kwa miongo mitatu: masomo, vipindi vya mtandao wa televisheni za umma, PBS, na vipindi vya wenyeji. Mwaka 2009 kikajitoa PBS kwa sababu ya gharama. Mwaka 2011 wilaya ya vyuo ikatangaza kwamba inakiuza. Safari ya kuuzwa ilichukua miaka sita, na nitaisimulia chini kwa sababu msomaji mwingine ameuliza juu ya pesa. Mwaka 2017 wilaya ilikubali kukiuza kwa dola milioni 12 kwa kituo kingine cha umma, KRCB, cha kaskazini ya San Francisco. Mwaka 2018 jina la KCSM likatoka kwenye televisheni.

Miaka 54 kutoka kuwashwa hadi kubadilishwa jina, mwanangu.

Mimi ni fundi redio mstaafu. Umewahi kuandika kwamba vituo vya vyuo vilipewa "chaneli za uani". Sikuelewa. Chaneli si chaneli? (Fundi mwenzako)

Fundi mwenzangu, wewe ukianza kusoma jibu hili utalimalizia mwenyewe.

Mwaka 1952 FCC ilipogawa chaneli za nchi nzima ilitenga 242 kwa ajili ya elimu. Kulikuwa na mwanamke mmoja kwenye tume ile, Frieda Hennock, wa kwanza kabisa kuwa kamishna humo, na alilipigania jambo hilo kwa nguvu zake zote wakati wengi waliona ni kupoteza mali. Nampenda mama yule. Bila yeye sidhani kama ningepata ile kazi ya usiku.

Ila angalia mgao wenyewe. Katika hizo 242, zilizokuwa VHF, yaani masafa ya chini, chaneli 2 hadi 13, ni 80 tu. Nyingine 162 zilikuwa UHF, masafa ya juu, kuanzia 14 kwenda juu hadi 83. Na televisheni nyingi madukani wakati ule hazikuwa na UHF kabisa. Chuo kilipewa chaneli ambayo jirani yake wa ukuta kwa ukuta hawezi kuiona mpaka anunue kifaa cha kubadilisha masafa na antena nyingine ya duara ya kuning'iniza nyuma ya seti.

Hata seti zilipoanza kuja na UHF, kulikuwa na vitasa viwili. Cha VHF kiligeuka kwa mlio, ta, ta, ta, kila mlio chaneli moja, mtoto wa miaka minne aliweza. Cha UHF kiliteleza kama kitasa cha redio. Ulikigeuza taratibu, picha ikaja, ukaachia, picha ikaondoka, ukarudi nyuma kidogo kwa ncha ya kidole. Mtu aliyechoka kutoka kazini hakigusi kitasa kile ila awe na sababu.

Na wewe unajua masafa ya juu yanavyoogopa kilima. UHF ilihitaji umeme mwingi zaidi kwenye transmita ili ifike kule VHF inakofika kwa nguvu ndogo. Chuo kisicho na pesa kikapewa chaneli inayokula umeme zaidi na kuonekana na watu wachache zaidi.

Bunge lilipitisha sheria mwaka 1962 kwamba kila televisheni iweze kupokea chaneli zote, na viwanda vikatakiwa kutii kuanzia 1964. KCSM kiliwashwa mwaka huohuo. Lakini sheria ilihusu seti mpya. Seti za zamani zilibaki sebuleni miaka mingi baadaye, kwa hiyo hawa wa chuo walikuwa wakitangaza kwa nyumba ambazo nyingi hazikuweza kuwapata. Ndiyo maana niliziita chaneli za uani. Ulilazimika kuzunguka nyumba kuzifikia.

Mama, mimi ni mama wa watoto watatu na nilirudi shule nikiwa na miaka 34. Niambie ukweli: kuna mtu aliyewahi kusoma kwa televisheni akaelewa? Au ilikuwa ni kuwasha tu ili iongee? (Mama wa watatu)

Barua yako nimeisoma mara mbili, dada yangu, na nitaijibu kwa urefu.

Walisoma, wakaelewa, wakapata vyeti. Chicago walianza mwaka 1956: chuo cha miaka miwili cha jiji kikishirikiana na kituo cha WTTW, kwa msaada wa fedha za mfuko wa familia ya Ford. Mwalimu alisimama mbele ya kamera, mwanafunzi akakaa nyumbani na kitabu, kazi zikaenda kwa posta, na mtihani ukafanywa ana kwa ana. Mtu aliweza kumaliza masomo ya miaka miwili yote kwa njia hiyo. Hata wafungwa wa gereza la Stateville walisoma humo. Mwaka 1983 vyuo vya jiji la Chicago vikapata kituo chao wenyewe, WYCC, chaneli 20.

California nako kulikuwa na KOCE, kilichowashwa Novemba 1972 kwenye chaneli 50, mali ya wilaya ya vyuo vya Coast, studio zake zikiwa ndani ya chuo cha Golden West pale Huntington Beach. Mwaka 1976 wilaya hiyo ilifungua chuo cha tatu, Coastline, ambacho hakikuwa na majengo ya chuo kama tunavyoyajua. Masomo ya televisheni yalikuwa nguzo yake.

Mimi niliyaona hayo mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kituo cha chuo ambacho sitakitaja. Zamu yangu ilikuwa saa nne usiku hadi alfajiri, chumba cha kurusha matangazo, peke yangu. Mbele yangu mashine nne za kaseti pana za robo tatu ya inchi, kila kaseti nzito kama kitabu cha sheria. Pembeni daftari la transmita: nikisoma mita, naandika volti na nguvu inayotoka, natia sahihi. Kila inapogonga saa kamili, naweka utambulisho: herufi za kituo na jina la mji wa leseni. Hilo ni sharti la FCC, na msimamizi wangu alinifundisha siku ya kwanza kwamba ninaweza kukosea mengi lakini si hilo.

Somo moja la muhula lilikuwa na vipindi vya nusu saa, takriban 26. Yaliyowekwa usiku wa manane ni ya watu wa kurekodi kwa kaseti za nyumbani, au ya wale ambao usiku ndio mchana wao. Usiku mmoja, somo la biolojia, nilivuta rafuni kaseti ya 14 badala ya 13. Namba zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu iliyofifia, na macho yangu yalikuwa na usingizi. Hazikupita dakika mbili simu ikalia.

Alikuwa mwanamke. Hakugomba. Aliniambia, "Samahani, jana mwalimu aliishia kwenye ukuta wa seli, leo anaongea kana kwamba tumeshajifunza kiini. Nimekosa kipindi au?" Alikuwa anasafisha ofisi katika jengo fulani, akaniambia ana nusu saa ya mapumziko, na mlinzi wa jengo humruhusu kutumia televisheni ndogo iliyoko mapokezi. Nusu saa hiyo ndiyo darasa lake, na mimi nilikuwa nimeila dakika mbili.

Nilisimamisha kaseti, nikaweka kibao cha kituo, nikachomoa 14, nikaingiza 13, nikasubiri mashine ishike mkanda, nikarusha upya tangu mwanzo. Ratiba nzima ya usiku ule ilisogea. Asubuhi niliandika kwenye daftari kosa langu kwa wino, kama inavyotakiwa. Msimamizi alisoma, akauliza swali moja tu: yule mwanamke alipata kipindi chote? Nikasema ndiyo. Akaweka sahihi.

Kuanzia usiku ule nilijua nani yuko upande wa pili. Ukikaa kwenye chumba kile, skrini zote ukutani ni vipimo na mistari ya rangi, na ni rahisi kusahau kwamba mstari ule unaishia kwenye macho ya mtu. Yule mwanamke alipiga tena Desemba kuuliza tarehe ya mtihani. Nilimpa. Sikuwahi kujua jina lake wala alama alizopata, lakini nakuambia wewe, dada, kwamba mtu anayetambua ndani ya dakika mbili kuwa kipindi kimerukwa hakuiwasha televisheni ili iongee tu.

Nasikia masafa ya televisheni yaliuzwa Marekani kwa mabilioni. Sasa inakuwaje hicho kituo cha San Mateo kiuzwe milioni 12 tu? Nani alikula? (Mhasibu)

Hakuna aliyekula, ndugu yangu. Lililotokea ni lingine, na linaniuma hadi leo.

Zile chaneli za UHF nilizozieleza juu, zisizopendwa na mtu, zilikuja kutakiwa na watu wa simu za mkononi. Waliziondoa kwa awamu. Kwanza zikaenda chaneli 70 hadi 83. Kisha Marekani ilipozima analojia mwezi Juni 2009 zikaenda 52 hadi 69, na chaneli 60 ya KCSM ikawemo. Kituo kikabaki na masafa yake ya dijitali, 43. Halafu serikali ikasema inataka tena, safari hii kila kilicho juu ya 36 isipokuwa 37. Ila sasa kwa kulipa.

Mnada wenyewe ulianza 2016 ukamalizika 2017, na ulikwenda kinyume na minada tuliyoizoea. FCC ilianza kwa kumtajia kila mwenye kituo bei kubwa mno ya kumtaka azime, au ahamie VHF, au agawane chaneli na mwingine. Kila duru bei ikashuka, na mwenye kituo akawa anajibu: bado nimo, au nimetoka. Ukitoka, hupati kitu, huenda ukahamishiwa chaneli nyingine, na unaendelea na matangazo yako. Ukibaki hadi bei itulie kwenye eneo lako, unalipwa bei hiyo. Kampuni za simu zilitoa karibu dola bilioni 19.8 kwa jumla, na takriban bilioni 10 ziliwaendea wenye vituo 175.

Wilaya ya San Mateo ilijiandaa mapema. Mwaka 2013 ilifunga mkataba na kampuni ya uwekezaji: kampuni ilipie gharama za kukiendesha kituo hadi mnada ufike, kisha igawiwe sehemu ya mapato, zaidi kidogo ya theluthi moja. Mnada ukafika. Katika duru mojawapo jibu la wilaya halikuingia ndani ya muda uliowekwa, na katika mnada ule kutojibu ni kutoka. Wakatoka. Wilaya na kampuni wakaishia mahakamani, kila upande ukisema kosa ni la mwenzake.

Milioni 12 ndiyo bei ya kituo baada ya mnada kupita, kikiwa kituo cha umma cha kawaida, bila masafa ya kuuzia watu wa simu. Na aliyekinunua, KRCB, chenyewe kilikuwa kimetoka mnadani na karibu dola milioni 72 kwa kukubali kuhamia VHF.

Sasa tazama wengine wa ukoo huohuo. KVCR cha San Bernardino, mali ya wilaya ya vyuo kama San Mateo, kilichowashwa 1962, kilikubali kuhamia chaneli 5. Kililipwa dola milioni 157, na bado kinarusha, na bado ni cha chuo. (Fundi mwenzangu wa juu atasema chaneli 5 inataka antena ndefu na inasumbuliwa na kila mota ya jikoni. Ni kweli. Lakini milioni 157.) WYCC cha Chicago kilikubali kuzima kwa takriban milioni 16. Mwishoni mwa 2017 kikaacha vipindi vya PBS, na mwaka 2018 leseni yake ikachukuliwa na WTTW, kituo kilekile kilichorusha somo la kwanza la chuo hicho mwaka 1956.

Mhasibu, wewe utalinganisha 157 na 12 utikise kichwa. Mimi jambo linaloniuma liko mapema zaidi. Kufikia 2013 bodi ile ilikuwa tayari inalipiwa gharama za kituo na mtu anayesubiri kizimwe. Sisemi walikosea kutaka kuuza. Walimu walikuwa wanapunguzwa, madarasa yalikuwa yanafutwa, na masomo ya televisheni yalikuwa yamehamia kwenye intaneti, ambako mwanafunzi hahitaji kukesha. Ningekuwa kwenye bodi sijui kama ningepiga kura tofauti. Lakini wafanyakazi wa kituo walikaa miaka minne wakiingia zamu, wakisoma mita, wakitaja jina la mji kila saa, huku wakijua kwamba thamani ya kazi yao kwa wenye pesa ni siku ile watakapozima. Namwonea huruma fundi wa zamu ile.

Kwa kifupi tu: chuo cha kwanza Marekani kuwa na televisheni ni kipi? Tuna ubishi hapa kazini. (Wabishi wawili)

Nyote wawili huenda mko sawa. Kama mnamaanisha kituo chochote kinachomilikiwa na chuo, ni WOI cha Ames, Iowa, kilichowashwa Februari 1950, ila kilikuwa na leseni ya biashara na matangazo ya bidhaa. Kama mnamaanisha kituo cha elimu kisicho cha biashara, ni KUHT cha Chuo Kikuu cha Houston, Mei 1953, ambacho mwaka huohuo kilirusha somo la saikolojia la Richard Evans kwa wanafunzi waliokuwa wakihesabiwa alama.

Mama, vimebaki vituo vya aina hii? Na jina la hicho cha San Mateo limepotea kabisa? (Msomaji wa siku nyingi)

Vimebaki, hasa vya vyuo vikuu, na vichache vya vyuo vya miaka miwili, KVCR kikiwemo. Tangu 2011 KVCR kimekuwa pia na chaneli ya vipindi vya wenyeji asilia wa Amerika, FNX, iliyoanzishwa kwa msaada wa kabila la San Manuel lililoko jirani. Ndiyo kazi ambayo televisheni ya chuo inaiweza vizuri kuliko yeyote, kumpa kipaza sauti mtu ambaye kampuni za biashara haziwezi kumuuzia kitu.

KOCE nacho kipo, ila si cha chuo tena. Wilaya ilikiuza mwaka 2004 kwa taasisi iliyoundwa na marafiki wa kituo chenyewe, mtandao wa kidini uliodai kwamba bei yake ilikuwa bora zaidi ukaenda mahakamani, na kesi ikachukua miaka hadi wakapatana mwaka 2007. Mwaka 2011 kituo kikubwa cha Los Angeles, KCET, kilijitoa PBS, na hiki kilichozaliwa ndani ya chuo cha Huntington Beach ndicho kikashika nafasi yake kuwa kituo kikuu cha PBS cha eneo lote. Mwaka 2018 viwili hivyo vikaungana.

Hali ya sasa ni ngumu. Sheria ya mwaka 1967 iliyosainiwa na Rais Johnson iliunda shirika la kuvipelekea vituo vya umma fedha za serikali, na kwa vituo vidogo fedha hizo zilikuwa ndio umeme wa transmita. Julai 2025 Bunge lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa miaka miwili, na Agosti shirika likatangaza kwamba linaanza kufunga shughuli zake. Tangu hapo kila nikiamka naangalia habari kuona ni kituo gani kimepunguza watu.

Kuhusu jina: herufi za KCSM bado zipo kwenye redio ya chuo, 91.1, inayopiga jazi. Wilaya iliuza televisheni ikabakiza redio. Televisheni sasa inaitwa KPJK. Lakini mji kwenye leseni haukubadilika, na lile sharti nililofundishwa siku ya kwanza bado lipo. Kwa hiyo kila inapogonga saa kamili, mchana na usiku, kituo kile kinataja herufi zake mpya na kufuatisha neno San Mateo.